Karatasi Isiyong'aa

Ilikuwa Jumanne, mwaka wa 1974. Jua likielekea kuzama, niliingia studio ya Mithika hapo Mikinduri kuchagua picha ya mume wangu, Kiogora. Kesho yake tungemzika. Picha moja tu, ya kuweka juu ya jeneza.

Dada Ciakuthii, tuliyebatizwa naye siku moja, alibaki nyumbani na watoto wangu. Ndiye aliyemwosha Kiogora. Ndiye aliyenishika mkono siku nne tangu afariki, tukiomba.

Mithika alinionyesha picha mbili. Zote zilikuwa za siku ile nilipomleta Kiogora, akakaa peke yake mbele ya pazia jeusi. Sura ni ileile, tofauti ni karatasi. Moja haikung'aa, imetulia kama kitambaa. Ya pili alikuwa bado anaibandua kwenye bamba la chuma la moto la kukaushia picha. Inang'aa kama kioo, inanuka dawa.

Akaniambia nichukue isiyong'aa. Hiyo inashika penseli ya kurekebishia picha, makosa yanafichika.

Nikamuuliza makosa gani. Akainamia bamba lake.

Nikaipeleka ile ya kung'aa dirishani.

Pazia lilikuwa jeusi... jeusi kabisa. Halafu, ndani ya weusi, nikaona.

Mkono.

Ulikuwa begani kwa Kiogora, vidole vimegusa shingo. Kidole cha kati kimepinda, vile panga la kukatia ng'ombe nyasi lilivyokiacha kidole cha Ciakuthii tukiwa wasichana.

"Hakukuwa na mtu nyuma yake," nikasema. "Mimi nilikuwa hapa."

"Hata mimi nilikuwa hapa, Mama Kathure," Mithika alinong'ona. "Ciakuthii alikuja asubuhi. Akasema nikupe isiyong'aa tu. Akaacha na kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Picha yako. Niitoe kubwa, kama hii ya jeneza."

Nilitoka na ile ya kung'aa, nimeifunika kwa leso.

Nyumbani, Ciakuthii alikuwa amenipakulia uji. Sikuugusa. Akauliza nimechagua ipi. Nikasema isiyong'aa. Mungu anisamehe, sikuwa nimewahi kumdanganya.

"Vizuri," alisema. "Tuombe."

Akaweka mkono begani mwangu, kidole kilichopinda kikinigusa shingo. Akaanza Baba Yetu, polepole, kwa sauti ile iliyonibeba siku nne. Miaka yote nimeomba naye nikiwa nimefumba macho.

Siku hiyo sikufumba.

Niligeuza kichwa kidogo...

Macho yake pia yalikuwa wazi. Yalikuwa yananitazama shingoni, na midomo inaendelea na sala.