Pete Juu ya Mizani ya Nizwa

Kitanga cha kushoto kilikuwa chini, na hakikuwa na kitu.

Soud alikifuta kwa kitambaa, akapuliza vumbi, akainyanyua mizani na kuiweka tena mezani. Kitanga kikapanda, kikatulia kidogo, kisha kikashuka polepole mpaka kikagusa mbao: ting. Akaangalia kama meza imepinda. Haikupinda. Akazima kiyoyozi, maana upepo wake huweza kusukuma hata punje ya baruti, akakaa anatokwa na jasho na kutazama. Kitanga kilibaki chini vilevile.

Ilikuwa adhuhuri, wakati ambao mji mzima wa Ibra, huku Oman, umejifungia ndani. Soud hufanya kazi yake mchana tu, kwa kuwa baruti na taa havipatani. Hujaza upya maganda ya risasi kwa wenye bunduki za kizamani, zile zinazotolewa siku za Idi, harusi na mashindano ya shabaha. Kibali chake kimetundikwa ukutani na mkono wake unasifiwa. Baruti ikipungua, risasi huanguka njiani. Ikizidi, mtutu unaweza kumpasukia mtu usoni. Mizani hii ni mpya kwake; ile ya kwanza, aliyoachiwa na marehemu baba yake, iliyotoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, ilikuwa imekwisha. Makali ya katikati yanayobeba mkono wake yalikuwa yameliwa, ikawa asubuhi inasema hivi na alasiri inasema vile.

Akatafuta nyingine. Alijaribu ya betri, ikawa inabadilisha namba kila simu ikilia. Akaona picha za mizani mpya za kigeni kwenye mtandao, nzuri kweli, lakini mizani huichagui kwa picha. Mwisho akaambiwa kuwa Nizwa, upande wa wafua fedha, kuna mzee anauza vyombo vya fundi aliyekufa. Bi Ghaniya, mama yake, akatangulia kuingia garini.

"Babako hakununua mizani bila mimi," alisema. "Jicho langu halijachoka bado."

Duka lilikuwa limejaa wanaume. Mmoja wao alikuwa Yaarub, mkubwa wa kikosi cha shabaha cha mji wa Adam, mtu ambaye Soud alikuwa akimwinda siku nyingi ampe kazi. Watu wa Adam hawamkabidhi baruti yao mtu wasiyejua asili yake. Walikwisha kumuuliza: nyinyi ni wa wapi hasa? Soud hujibu Ibra, na kuharakisha kuleta maneno mengine. Yeye kazaliwa hapa na Kiarabu chake ni safi. Cha mama yake ni cha kubahatisha, maana alifika Oman mke wa mtu na ulimi umekwisha kukomaa, akaona raha kubaki na Kiswahili chake.

Wauza mizani wa pale wana ada yao. Mizani hujaribiwa kwa kitu cha nyumbani kwa mnunuzi, kikapimwa kitanga hiki halafu kile, ili ijulikane kuwa haipendelei upande. Kabla Soud hajatia mkono mfukoni, Bi Ghaniya alikwisha kuvua pete yake ya fedha na kuiweka kitanga cha kushoto. Akainama, akasema kwa ile sauti yake ya kuita watu uani:

"Soud mwanangu, hii ndiyo. Hebu tazama ulimi wake ulivyotulia!"

Duka zima likageuka.

"Nani huyu?" Yaarub aliuliza kwa Kiarabu, bila ubaya wowote.

"Shaghala wetu," Soud akajibu. "Wa Zinjibar. Yupo nyumbani kwetu siku nyingi."

Shaghala ni mtumishi wa ndani, na neno hilo Bi Ghaniya alilijua vizuri, kwani hakuna nyumba Ibra lisimosemwa. Hakumtazama mwanawe. Aliichukua pete yake kwenye kitanga, akaivaa.

"Twende, bwana," alisema.

Soud akalipa, akaibeba mizani, na njia nzima mama yake hakumwita jina jingine. Soud alitaka kusema kitu, akafungua redio. Naam, redio! Mtu mzima mwenye mvi ndevuni, mama yake anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, yeye anatafuta kituo kisicho na mkwaruzo.

Na tangu siku ile kitanga cha kushoto, kile kilichobeba pete, kikawa hakikai juu.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya baruti, hiyo Soud anaijua. Ilikuwa harufu ya makaa na fedha iliyoyeyuka, harufu ya karakana ya mfua fedha, na ilitoka chumbani kwa Bi Ghaniya saa za adhuhuri, mlango umefungwa. Bi Ghaniya mwenyewe alikuwa amenyamaza tangu Nizwa. Halafu mchana mmoja Soud akasikia mtu anazungumza mle ndani, Kiarabu cha Dakhiliya, mkoa wa Nizwa, kizito, kilichopangika, cha watu wa ngome na mifereji ya falaji.

Alyaa, mkewe, alimkuta kasimama kwenye ujia. Yeye alifurahi, maskini, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwa amti, yaani mama mkwe wake:

"Umesikia? Amti anasema Kiarabu vizuri, kuliko mimi! Nani kafundisha yeye?"

"Sema polepole," Soud alinong'ona. "Anazungumza na nani?"

Alyaa akatega sikio. Furaha ikamtoka usoni, kwa sababu ndani kulikuwa na sauti moja tu inayouliza na kujibu, na kila ikinyamaza, chumba cha kazi upande wa pili kilijibu: ting.

Soud akafungua mlango. Bi Ghaniya alikuwa amekaa kitako katikati ya chumba, mgongo umenyooka, yeye ambaye mgongo ulikwisha kumpinda, na mikono yake ameitandaza huku na huku, viganja juu, na kile cha kushoto kilikuwa kinashuka polepole kama mtu anayepokea kitu kizito kutoka kwa mtu asiyeonekana, mpaka kikagusa zulia, na hapo akageuza uso akamtazama mwanawe kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala machozi wala kumjua, akamkaribisha kwa Kiarabu, kwa adabu kubwa, kama mgeni.

"Shikamoo, mama," Soud akasema. Sauti ilimtoka ya kitoto.

Tangu aanze kusema hajapata kulikosa jibu la salamu ile. Leo Bi Ghaniya aliinamisha kichwa, akauliza hayo ni maneno ya watu gani.

Wakamwita Bi Sheha, mzee wa Kipemba jirani yao, anayesomea watu. Alikuja na chetezo chake, akazunguka nyumba anafukiza ubani, akafika kwenye mizani akasimama. Aliitazama muda mrefu.

"Jini haingii kwa mtu mwenye wenyewe," alisema. "Nani kamtoa huyu nje?"

"Sijui, Bi Sheha."

Ting.

Bi Sheha hata hakushtuka. Alimwangalia Soud kama anavyoangaliwa mtoto aliyekojoa kitandani, na Soud akatamani zulia limmeze. Akasimulia. Alyaa alikuwa mlangoni, akasikia yote, akageuka akaondoka, na hilo lilimuuma Soud kuliko kusemwa.

"Umemkana mamako na pete yake iko kitangani," Bi Sheha akasema kwa sauti ya chini. "Pale pale kakosa mwenyewe, na aliyekuwa anangoja kwenye mizani akamwokota. Waite walewale waliosikia. Iweke pete palepale. Useme hivi: yule bibi wa dukani, aliyesema Kiswahili, ndiye mamangu aliyenizaa. Maneno hayohayo. Usifupishe, Soud."

"Sitafupisha."

"Mamako yupo. Kasukumwa pembeni tu. Ukimwita, atakuja."

Yaarub na wenzake wakaalikwa kahawa baada ya sala ya alasiri. Walikubali upesi, walitaka pia kuiona kazi ya Soud. Wakakaa majlisini, chumba cha wageni, sinia ya halua katikati, mizani juu ya meza ndogo na pete kitanga cha kushoto. Bi Sheha alibaki uani, kisomo chake kikisikika taratibu dirishani.

Soud akakohoa. Maneno alikuwa nayo, kayakariri tangu asubuhi. Lakini kabla hajafungua kinywa, pazia lilifunuliwa na Bi Ghaniya akaingia, mrefu kuliko alivyokuwa, akawaamkia wageni. Aliuliza habari za Adam, za mitende na mifugo, akawataja babu zao mmoja mmoja kwa majina, kwa Kiarabu ambacho Soud mwenyewe hakiwezi. Wale wanaume wakainuka wote kwa heshima. Mtandio ulikuwa umemfunika nusu ya uso na hakuna aliyemkumbuka.

"Mashallah," Yaarub akasema. "Nani huyu bibi, Soud?"

Ilikuwa rahisi sana. Aibu aliyoibeba tangu utotoni, ya mama wa kusahihishwa hospitalini na kuchekwa shuleni, haikuwapo tena. Mbele yake alisimama mama ambaye mtu yeyote angejivunia. Akajiambia kwamba mama ni mama, na kwamba huko ndiko kumkubali, maneno mengine ya nini?

"Mama yangu," alisema. "Huyu ndiye mama yangu."

Kisomo uani kikakatika.

Kitanga cha kushoto kikanyanyuka. Pete ikiwa ndani yake na kitanga cha kulia hakina kitu, vikalingana sawasawa, na ulimi wa mizani ukasimama wima kabisa. Wageni walikuwa wanazungumza, hawakuona. Aliyeona ni Soud, na yule mwanamke. Akaja akaichukua pete, akaivaa, ikamkaa barabara, akaketi karibu na mwanawe na kumpapasa bega. Mkono ulikuwa wa moto na ulinuka makaa.

Ndipo mlango ulipogongwa, si wa nje, ila ule wa mwisho wa ujia, wa chumba cha shaghala, ambacho nyumba ile imejengwa nacho kama nyumba zote na hakijapata kulaliwa na mtu. Uligongwa polepole, kama na mtu asiyetaka kusumbua. Halafu sauti ikaita, ya kizee, imechoka, sauti iliyomwogesha na kumlisha na kumwamsha sala ya alfajiri miaka yote ya maisha yake:

"Soud mwanangu. Nifungulie. Huku kuna kiza."

Wageni wakageuza vichwa. Kikombe cha Yaarub kilikuwa kimefika mdomoni, akakirudisha. Soud alijua, hakuna aliyehitaji kumwambia, kwamba bado wakati upo, kwamba akiinuka sasa hivi na kusema yale maneno marefu mbele ya watu hawa na kwenda kuufungua ule mlango, mama yake atatoka. Miguu yake ilikwisha kuanza kuinuka. Yule aliyeketi ubavuni hakumzuia. Alitabasamu tu na kungoja.

"Nani huyo anayeita?" Yaarub akauliza. "Anasema lugha gani?"

Macho yote yakamgeukia Soud, yakingoja.

"Shaghala," alisema.

Upande wa pili wa mlango nyayo zikarudi nyuma. Kisha sauti ikajibu, ya chini, yenye adabu.

"Haya, bwana."