Fasi ya Kumlaza Munezero

Nyumba ya Mama Godeberthe ilinukia maziwa mabichi, na Mama Godeberthe hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Alichokuwa nacho ni vitu. Madumu yasiyo na vifuniko, makopo ya mafuta, viatu vya mguu mmoja, magunia ya mahindi ya msaada yaliyoliwa zamani, mablanketi yaliyotoboka, vyote vimerundikwa mpaka vinagusa turubai la juu. Kutoka mlangoni hadi kitandani alipita ubavu ubavu. Majirani pale Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, walimcheka sana, nami nasema wacheke tu, si wao waliokuwa wanalala humo.

Bintiye, Gaju, alikuwa Mbarara akifua nguo za watu, ana mimba ya miezi minane na mwanamume ameshaingia mitini. Akisha kujifungua hakuwa na pa kwenda ila kwa mama yake. Lakini alimwambia wazi kwenye simu kwamba asipokuta fasi, yaani mahali pa kumlaza mtoto, atageuza siku hiyohiyo, na bibi hatamwona mjukuu kamwe. Godeberthe alilia. Akamchagulia mtoto jina, Munezero, akaahidi nyumba itakuwa tayari.

Ndipo akakubali Orpa aje kwake. Huyu alikuwa mshauri wa shirika moja, mkimbizi wa Kivu ya Kusini kama yeye, aliyefundishwa namna ya kuwasaidia wazee wanaoshindwa kuachana na vitu. Usifikiri alikuja na ufagio. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana walikaa chini wawili, bibi akachukua kitu kimoja kwa mkono wake na kuamua mwenyewe: kibaki, apewe mtu, au kitupwe. Kabla ya kukiachia alitaja woga wake, toka sifuri mpaka kumi. Kitu kikatolewa nje, nao wakangoja kimya, mikono mitupu, mpaka woga ushuke. Nane. Sita. Tatu. Mgonjwa anajifunza hivyo, kwamba kitu kimetoka na yeye bado mzima.

Na ilisaidia, kusema kweli. Kona ya madumu ikaisha. Ila katika kule kungoja kimya Orpa akasikia pumzi, fupi fupi, za haraka, ndani ya magunia. Akasema panya. Magunia yakatolewa, pumzi zikahamia kwenye mablanketi. Mablanketi yakatolewa, zikahamia chini ya kitanda, na kadiri nyumba ilivyozidi kuwa wazi ndivyo ile harufu ya maziwa ilivyozidi kuwa nzito, mpaka Orpa akawa anatoka nje kutema mate, na akirudi anamkuta bibi ameinama, ameziba masikio, anatikisa kichwa kama anayembembeleza mtu.

"Siko miye naijaza hii nyumba," bibi alimnong'oneza Alhamisi ya mwisho. "Ni ule wa chini ya kitanda. Anasikia baridi, analia. Nikimuwekea kitu juu, ananyamaza."

Orpa alimuuliza woga ni ngapi. Bibi akasema wa leo hauna namba.

Chini ya kitanda palikuwa na kifurushi kimoja tu, kimefungwa kwa kitenge. Zilikuwa nguo za marehemu mumewe, Bonaventure, aliyeuawa kule milimani miaka kumi na miwili iliyopita. Kwa desturi ya kwao, matanga yanaisha siku ndugu wanapokusanyika na kugawana nguo za marehemu, na mjane hazifungui peke yake. Vita vilifika kabla ya siku hiyo. Godeberthe alikimbia na kifurushi kichwani, akakiweka chini ya kitanda, hakukigusa tena.

Orpa alifurahi. Alidhani ameshika mzizi wa ugonjwa, na mimi simlaumu sana. Gaju alikuwa ameshajifungua, mtoto wa kike, hospitali imeshaandika Munezero kwenye karatasi, na wangefika Jumamosi. Basi Ijumaa mchana Orpa akamwita Ezira, mdogo wa Bonaventure, mhubiri pale kambini, aje wamalize matanga.

Ezira alifungua fundo. Kitenge kilikuwa kile cha akina mama wa kanisa lao, wote walinunua kitambaa kimoja kwa mkutano mmoja, na siku ya kukimbia kila mmoja alifungia mzigo wake humo. Walipofika mtoni waliweka mizigo chini wapumzike, risasi zikalia, kila mwanamke akanyakua aliodhani ni wa kwake na kukimbia. Ndani hamkuwa na shati hata moja. Kulikuwa na kofia ya sufu ya kichanga, na mifupa midogo, safi, na kitambaa ilicholalia kilikuwa kimelowa maziwa ya joto.

"Shemeki," Ezira alisema polepole, "huyu ni mutoto wa nani?"

Godeberthe hakujua. Mwanamke fulani alikuwa amembeba mwanawe aliyekufa akamzike, na kumbe alikimbia na mashati ya Bonaventure.

Walichimba nyuma ya nyumba jua lingali juu. Kwao mtoto hawekwi udongoni bila kuitwa jina, asije akabaki anazurura, kwa hiyo Ezira akauliza aitwe nani. Tangu ile simu ya Gaju, Godeberthe akipika, akifagia, akiteka maji, kinywani mwake lilikuwamo jina moja tu.

"Munezero," akasema.

Orpa alimshika mkono kumzuia. Ezira alikuwa ameshaliita kaburini mara tatu. Walipomweleza kwamba hilo ni jina la mjukuu, akasema Mungu anajua kutofautisha watoto, akafukia. Harufu ya maziwa ikakatika palepale.

Jumamosi Orpa alikuwepo Gaju alipofika kwa bodaboda kutoka mji mdogo wa Rwekubo. Akakuta kitanda kimetandikwa, chandarua kimening'inia, sakafu inaonekana. Akamkumbatia mama yake, akalia kwa furaha. Akamlaza mtoto, akamwinamia na kumwita.

"Munezero."

Mtoto alifumba mdomo, kifua kikasimama. Na nyuma ya nyumba sauti ya msichana wa miaka kama kumi na miwili ikaitika, "Yee, mama."

Gaju, akidhani ni mtoto wa jirani, aliita tena kwa kucheza, na safari hii nyayo za miguu mitupu na yenye maji zikatembea nje ya ukuta, taratibu, zikipita usawa wa kila kona ambayo bibi na Orpa walikuwa wameisafisha, huku midomo ya kichanga ikigeuka bluu na maziwa yakinukia mpaka kooni, na Godeberthe akaelewa kwamba jina ni moja na watoto ni wawili.

Akamnyanyua mjukuu, akampigapiga mgongoni mpaka akavuta pumzi, akamtia mikononi mwa Gaju.

"Rudi Mbarara sasa hivi. Umubadilishie jina. Usimulete tena hapa, hata nikikufa."

"Mama, unatufukuza?"

Mama alimwangalia Orpa, na Orpa akamvuta Gaju hadi kwenye bodaboda. Godeberthe alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia. Kisha akarudi kitandani, akainua chandarua, akaketi pembeni, mikono mitupu mapajani.

"Munezero," akaita. "Kuya, mwanangu. Fasi iko."

Godoro likabonyea kando yake.