Daftari la Mawingu

Kila jioni ilipotimia saa mbili, vyombo vikiwa vimekwisha kuoshwa, binti mmoja wa darasa la sita alipanda ngazi ya nyuma hadi kwenye paa bapa la nyumba yao, penye matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Alichukua kalamu, daftari la jalada gumu, na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu ili mwanga wake usiyaharibu macho yaliyokwisha kulizoea giza. Sakafuni alikuwa amechora nyayo mbili kwa chaki. Alisimama juu ya nyayo hizo, akanyoosha mkono, akakunja ngumi, akaanza kupima: kutoka paa la bohari ya jirani hadi kwenye kishada cha nyota kiitwacho Kilimia, ngumi sita. Akaandika tarehe, saa na kipimo, kisha akashuka kumalizia masomo yake.

Wenzake walipopata habari hizo walimpa jina la Bundi. Kwa kuwa hakuwa mtoto wa kulialia, aliliitikia.

Kazi hiyo ilianza mwezi wa Januari, shule ilipopewa darubini. Mwalimu wa sayansi aliifungia kabatini, akatangaza darasani, "Anayetaka aitazame anga kila siku saa mbili usiku, kwa muda wa miezi kumi, na aandike anachokiona. Mwenye daftari bora ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa kabati hili." Tangu siku ile Bundi hakutamani kitu kingine chochote isipokuwa ufunguo ule.

Daftari alipewa na shangazi yake aliyemlea, muuguzi wa wodi ya watoto, pamoja na sharti moja. "Andika ulichokiona," shangazi alimwambia. "Usipoona, andika kwamba hukuona. Ndivyo tunavyojaza chati za wagonjwa."

Miezi ikapita, na anga ikageuka taratibu kama ukurasa. Mwezi wa Machi Kilimia kilikuwa kimeteremka upande wa magharibi hadi ngumi tatu. Mwishoni mwa Aprili kikapotea katika mwanga wa machweo, na kwa miezi mingi Bundi hakukiona tena saa ile. Badala yake, upande wa mashariki alichomoza Nge mwenye mkia uliopinda na nyota nyekundu kifuani, naye akapanda wiki baada ya wiki. Mvua zilipofika, Bundi alisimama juu ya nyayo zake chini ya mwavuli, akatazama juu, akaandika: "Mawingu. Sikuona." Maneno hayo aliyaandika mara sitini na moja.

Mwezi wa Novemba madaftari yalikusanywa. Siku ya Jumatano mwalimu wa sayansi aliingia darasani ameyabeba, akaliinua moja juu.

"Tazameni kazi ya mtu mwenye bidii!" alisema. "Mistari mia tatu na tano, hakuna hata mmoja ulioachwa. Wino wa bluu, nyekundu, kijani! Ijumaa kiranja wenu atapokea ufunguo."

Kiranja wa darasa, aliyekuwa amejipachika mwenyewe jina la Bingwa, alisimama akainama kama mtu anayepigiwa makofi ukumbini.

"Na wewe Bundi," mwalimu aliendelea akimrudishia daftari lake, "mawingu, sikuona, mawingu, sikuona! Mara sitini na moja! Je, ulikuwa ukitazama anga au ulikuwa umelala?"

Darasa zima likaangua kicheko. Wakati wa mapumziko Bundi aliliendea daftari la Bingwa, lililowekwa mezani ili wote walione, akafungua mwezi wa Julai. "Anga safi. Kilimia kiko juu kabisa." Akafungua Agosti. "Anga safi. Kilimia kiko juu kabisa." Miezi yote kumi Kilimia hakikusogea hata kidogo, kana kwamba kimepigiliwa msumari.

"Bingwa," aliita kwa hasira, "Julai, saa mbili usiku, Kilimia ulikiona wapi?"

"Juu ya nyumba yetu. Kwani kwenu hamna anga?"

"Hakikuwapo! Kilikuwa kimezama!"

"Jamani, njooni mumsikie!" Bingwa aliwaita wenzake. "Bundi ana macho kama visahani na bado haoni kitu! Mwambie shangazi yako akutilie dawa ya macho."

Bundi alifika nyumbani akautupa mkoba wake kitini. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado amevaa sare yake nyeupe, miguu imo katika beseni la maji ya vuguvugu. Alisikiliza habari yote hadi mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Miezi kumi mtu anaandika asichokiona, halafu anapigiwa makofi!" alisema. "Nimewahi kufanya kazi na mtu wa namna hiyo. Alikaa kitini akajaza joto la watoto wote wa wodi bila kumgusa hata mmoja. Chati ilipendeza mno. Daktari akaisoma akaenda zake, na mtoto mmoja alikuwa anaungua kwa homa. Namshukuru Mungu kwamba mama yake alipiga kelele."

"Basi kesho nitamwambia mwalimu!"

"Mwambie. Lakini nijibu kwanza: daftari lako wewe, lote ni kweli?"

Bundi akaukumbuka usiku mmoja. Tarehe tatu Agosti alikuwa kwa jirani akitazama mpira katika televisheni. Hakupanda paa. Asubuhi yake alitazama kipimo cha siku iliyotangulia, akaandika: "Nge, ngumi saba."

"Ni mstari mmoja tu, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja kati ya mia tatu!"

"Mgonjwa mmoja kati ya mia tatu ni mgonjwa," shangazi alijibu, wala hakutabasamu.

"Nikisema nitaukosa ufunguo! Na yeye aliyedanganya yote je? Si haki!"

"Kweli, si haki, nami ninakasirika pamoja nawe. Lakini hasira hiyo utaipeleka ofisini ukiwa na mikono safi au michafu? Hilo hakuna mtu wa kukuamulia."

Usiku ule Bundi alikaa muda mrefu mbele ya daftari. Hatimaye alichukua wino mwekundu na rula, akaukata mstari ule wa Agosti, na pembeni yake akaandika: "Sikupanda. Huu ni uongo wangu."

Kulipokucha alikwenda moja kwa moja katika ofisi ya walimu. Alimwonyesha mwalimu wa sayansi mstari ule kwanza. Kisha, akiwa amesimama wima, akamweleza habari ya Kilimia.

"Unathubutu!" mwalimu alifoka. "Wewe mwenyewe unakiri kudanganya, halafu unamchongea mwenzako?"

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," Bundi alisema ghafla, kwa maana mama mmoja mrefu mwenye miwani alikuwa ametokea mlangoni.

"Marahaba. Kelele hizi nimezisikia tangu uwanjani. Nipeni madaftari yote mawili, na kiranja aitwe."

Bingwa alipoingia, Mwalimu Mkuu alikuwa amelifungua daftari la rangi mwezi wa Aprili.

"Tarehe tisa Aprili," alisema polepole. "Nani anaukumbuka usiku ule?"

Hakuna aliyekuwa ameusahau. Ulikuwa usiku wa dhoruba iliyong'oa paa la darasa la tano, na kesho yake shule nzima ilishinda ikiokota mabati mashambani.

"Mimi nilikuwa nimeushikilia mlango wangu kwa mikono miwili, nikidhani nyumba itaondoka," Mwalimu Mkuu aliendelea. "Bundi umeandika, 'Mawingu, upepo mkali. Sikuona.' Na wewe, Bingwa, soma ulichoandika."

Bingwa akasoma kwa kusitasita. "'Anga... anga safi. Kilimia kiko juu kabisa.'"

"Kiliwezaje kukaa juu wakati hata mabati yameshindwa?"

Bingwa akainamisha kichwa. Akakiri kwa sauti nyembamba kama uzi: daftari lote alikuwa ameliandika kwa wiki mbili tu, mezani kwao, taa ikiwaka na madirisha yakiwa yamefungwa.

Mwalimu wa sayansi alikaa kitini kwa uzito. "Kosa hili ni langu pia, Mwalimu Mkuu," alisema. "Nilizihesabu kurasa wala sikuzisoma. Bundi, nilikudhihaki mbele ya wenzako. Nitakuomba radhi mbele yao hao hao."

Akafanya hivyo kabla kengele ya pili haijalia.

Siku ya Ijumaa saa mbili usiku, darasa la sita na wazazi wao walikusanyika katika uwanja wa shule. Shangazi alikuwapo, amevaa sare yake. Mwalimu Mkuu aliuinua ufunguo.

"Anayeupokea ameacha mara sitini na moja kutuambia habari za nyota, kwa sababu hakuziona," alisema. "Mara moja alidanganya, na ameupiga uongo wake mstari mwekundu bila kushurutishwa. Ninyi watoto, mtu akikubali kusema 'sikuona', hapo ndipo tunapoweza kumwamini anaposema 'nimeona'. Bingwa ameacha kuwa kiranja. Kuanzia leo ataandika kumbukumbu za darubini mwaka mzima, na Bundi atazihakiki kila mstari."

Bundi alifungua kabati, na darubini ikatolewa ikasimamishwa uwanjani. Wote wakatazama mashariki, mahali ambapo Kilimia kilikuwa kimerudi tangu mwezi uliopita. Lakini wingu zito lilikuwa limetanda kutoka upande huu hadi upande ule, na hapakuonekana hata nyota moja.

Bingwa alikaa na daftari jipya mapajani, kalamu mkononi. "Sasa niandike nini?" aliuliza kwa unyonge.

"Unaona nini?" Bundi alimwuliza.

Bingwa aliinua uso, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama anga maishani mwake. Kisha akainama, na chini ya mwanga mwekundu wa tochi akaandika mstari wa kwanza: "Mawingu. Hatukuona."

Bundi aliusoma, akatia sahihi.