Jani Lisilonukia

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere alimwagilia miche ya bibi yake nyuma ya jiko. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, nalo lilimkaa sawasawa, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kudakia kila kazi na kumaliza chache. Miche ilikuwa ya parachichi, imepandwa katika makopo ya rangi, na mashina yake yalikuwa yamefikia unene wa penseli.

Bibi alikuwa na hamu moja tu. Zamani yeye na marehemu babu walikuwa na mparachichi ambao majani yake, ukiyasugua, yalinukia shamari, kile kiungo chenye harufu tamu. Ulikatwa barabara ilipopanuliwa, na aina hiyo haikuonekana tena sokoni. Kisha akasikia kwamba kituo cha utafiti kinatunza miti ya aina za zamani, na mwenye bustani ya nyumbani anaweza kupewa vikonyo, yaani vijiti vyenye macho ya kuchipua, ili avibebeshe kwenye miche yake, kikonyo kishikane na shina wawe mti mmoja. Masharti hayakuwa magumu: uombe mapema, utaje aina unayotaka, na miche yako iwe tayari. Bibi akaomba. Zamu yake ilipofika, mguu ukawa umemvimba.

"Nitume mimi, bibi," Kiherehere alidakia.

Kituoni, mama mtunza miti alimkatia vikonyo, akavifunga kwa gazeti lililoloweshwa na kuvitia katika mfuko wa plastiki.

"Nenda moja kwa moja nyumbani, mwanangu. Jua likivipata, utakuwa umebeba kuni."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Lakini njiani aliwakuta wenzake wakiruka kamba, akauweka mfuko juu ya ukuta. Alipoukumbuka, plastiki ilikuwa ya moto na vikonyo vimekuwa vyeusi kama vilivyochemshwa. Angeweza kwenda kusema. Badala yake alipenya uani kwa jirani, akavunja vijiti vya mparachichi wa kawaida na kuvifunga katika gazeti lile lile.

Bibi alivibebesha mwenyewe jioni ile, navyo vikashika. Majani yalipotoka, alimwita kila aliyepita njiani aje kuona. Mjukuu alisifiwa hata akakosa pa kuficha uso.

Asubuhi moja, majani yakiwa yamekomaa, Kiherehere alimkuta bibi amechuchumaa penye makopo, jani limesagika vidoleni, ananusa. Akachuma jingine, akanusa tena.

"Sisikii kitu," bibi alisema taratibu. "Macho yamekwenda, mguu umekwenda, sasa na pua inaniaga. Hebu ninusie wewe, mjukuu wangu. Linanukia?"

Kiherehere alilinusa jani. Neno moja tu lingetosha kumwokoa, na bibi angeliamini.

"Halinukii, bibi. Pua yako ni nzima. Hivi nilivivunja kwa jirani." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Bibi hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimkabidhi kisu.

"Vikate."

"Lakini vimeshika, bibi."

"Nimesema vikate."

Alivikata kimoja kimoja, vikiwa vibichi na majani yake, bibi akiangalia kando.

Siku iliyofuata walikwenda kituoni pamoja, na Kiherehere akalitaja kosa lake mbele ya mama mtunza miti. Msimu wa kukata vikonyo ulikuwa umepita. Ilibidi wasubiri mwakani.

"Mwakani," bibi alirudia, akageuka kushika njia ya nyumbani.

Mwaka ulipopita, bibi alikuwapo bado, ila mikono haikuweza tena kushika kisu. Safari hii walikwenda kituoni wote wawili, na wakati wa kurudi bibi aliupakata mfuko njia nzima. Kiherehere alinyoosha mkono ampokee, hakupewa. Nyumbani, mjukuu ndiye aliyebebesha, bibi akimwelekeza kwa maneno. Majani yalipokomaa, bibi alisugua moja, akafumba macho. Lilinukia.

"Umenisamehe, bibi?"

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini sikiliza. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie hapo hapo, hata kama atakufokea. Kufokewa kunapita. Wewe ulinyamaza mpaka nikaacha kuiamini pua yangu mwenyewe." Alilitazama jani kiganjani. "Vikonyo tuliomba vingine, tukapewa. Mwaka wangu mmoja umekwenda, na huo kituoni hawana."