Jibini ya Dada Sadiya

Kila jioni akitoka shule, Abiba alifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa kuni. Nyanya yake, aliyemwita Akko, alimfundisha mapema kwamba maziwa yasiyonukia moshi si ya kuaminiwa. Na katika nyumba yao pale Chechelesi, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa hayakuonjwa na mtu kabla ya Akko kuyaombea dua.

Jumatano moja, Siyad, kijana wa jirani aliyerudi likizo kutoka Italia, alileta kifurushi kutoka kwa Sadiya, dada yake Abiba, anayesomea udaktari wa mifugo huko. Akko alikuwa amelala. Abiba akakifungua, akakuta shali na bonge gumu la manjano lililofungwa kwa karatasi. Akalinusa. Lo! Hakuna moshi hata kidogo, na harufu kali ajabu!

"Maziwa yameoza njiani," akajiambia, akamtupia mbwa wa jirani. Akko alipoamka, alionyeshwa shali tu.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, Akko."

Jumamosi Sadiya akapiga simu, Abiba akaiweka kwenye spika.

"Salaam aleikum, Akko! Umeonja jibini?"

"Aleikum salaam. Jibini gani, mwanangu?"

"Niliyoitengeneza mwenyewe, kijijini kwa mama Lucia, mwenyeji wangu! Tuligandisha maziwa kwa maua ya mmea, si kwa utumbo wa ndama, halali kabisa, tukaiacha rafuni mwaka mzima. Huku Jumapili ukoo wote hukaa mezani mpaka alasiri, wakiikata kidogo kidogo. Yangu nilikataza isiguswe kabla hujaiombea dua. Nahitaji dua yako, maana Jumatatu nina mtihani wa mwisho." Akko alipomwambia kwamba walipata shali tu, Sadiya akasema, "Kumbe Siyad ameila! Nami nilimwamini kama ndugu. Lazima nimwambie mama yake."

 Abiba aliona haya, tena aliogopa sana.

"Si Siyad," akasema huku akilia. "Ni mimi. Jibini nilimtupia mbwa, kisha nikadanganya."

Kwenye simu, Sadiya naye alisikika akilia.

"Karatasi yake iko wapi?" Akko akauliza.

Abiba akaiokota nyuma ya jiko. Chembe chache zilikuwa zimeganda humo. Akko akaweka moja ulimini, akafumba macho.

"Ina chumvi," akasema. "Lakini ni maziwa kweli."

Akainua mikono, akamwombea Sadiya dua ndefu. Kisha akamgeukia Abiba.

"Kutojua chakula cha watu si kosa, mjukuu wangu. Ungeuliza. Lakini umenyamaza siku tatu, na leo mtoto wa watu nusura aitwe mwizi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Nimekusikia, Akko."

"Basi nenda kwa Siyad, umweleze yote na umwombe radhi."

Abiba akapangusa machozi, akavaa kandambili, akaenda.