Sponji ya Gari Jekundu

Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa fundi, na bado kabureta moja ilikuwa inavuta hewa.

Fundi alidhani ni masikio yake yamechoka. Masikio hayo ndiyo yaliyompa jina. Gereji nzima walimwita Sikio, kwa sababu gari lenye kabureta mbili alilipima kwa mpira mwembamba: ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Zikivuma sawasawa, kazi imekwisha. Moja ikivuma kuliko mwenzake, kazi bado. Sasa injini imelala, na ndani ya mpira kulikuwa na kisauti cha mtu anayevuta pumzi, akaibana, akaiachia.

"Upepo," akajiambia. Kwa umri ule na mgongo ule, mtu hana nguvu za kubishana na upepo.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, la viti viwili, limeinama chini kama linatafuta kitu kilichodondoka. Aliyelileta alikuwa mjane.

"Marehemu alilipenda kuliko mimi," alikuwa amesema, akicheka kidogo. "Chujio la hewa hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa. Alilisafisha mwenyewe kwa brashi, taratibu, kama anachana nywele za mtoto. Mimi nataka liwake tu, Fundi, niliuze, nipumzike."

Sikio alipofungua boksi la chujio alishangaa. Sponji ya ndani, ambayo hulowekwa oili ili inase vumbi, ilikuwa kavu, nyeupe, inanukia sabuni. Akatikisa kichwa, akaitia oili upya, akahamia kwenye kabureta.

Kijibomba kidogo cha kupitishia petroli kilikuwa kimeziba. Akakichomoa na kukiweka mdomoni.

"We mzee, pampu ya upepo ile pale!" mpiga rangi akamtania.

"Pampu iko mbali. Mdomo ninao hapa hapa."

Akapuliza. Uchafu ukatoka. Lakini pumzi yake haikukoma pale ilipopaswa kukoma. Iliendelea kutoka, kama uzi unaovutwa na mtu aliyeko upande wa pili, akajaribu kufunga midomo na midomo ikakataa, akahisi kifua kikinywea na mbavu zikikaribiana na macho yakiingia giza, na uzi bado unavutwa, bila haraka, na mtu ambaye bila shaka alikuwa na muda wote duniani. Kisha ukaachiwa. Sikio akajikuta amekaa sakafuni.

"Nilikwambia," mpiga rangi akasema, lakini hakucheka tena.

Jioni hiyo alipanda ngazi za nyumbani kwake akipumzika kila baada ya hatua chache.

"Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?" mkewe akamuuliza.

"Uchovu tu, mama watoto."

Asubuhi alirudi kwenye gari. Akaweka mpira sikioni, injini baridi kabisa, na pumzi ile ilikuwepo, sasa nzito zaidi, ikipanda na kushuka, na alipoisikiliza vizuri akagundua kuwa inapanda pale kifua chake kinapopanda na kushuka pale kinaposhuka, na katikati yake ikakohoa, kile kikohozi chake mwenyewe cha kukwaruza ambacho mkewe humtambua kwacho akiwa bado barabarani. Kisha sauti ikanong'ona, taratibu, kama ya mwenyeji mkarimu:

"Usiogope. Tutagawana."

Sikio akamwita shangazi yake, ambaye kutibu watu wenye majini ndiyo kazi iliyomzeesha. Mama huyo aliinama, akasikiliza kwa mpira, akaulaza chini polepole.

"Ulipuliza kwa mdomo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na pampu ipo."

"Ipo."

"Haya, mwanangu. Nikitaka kumtoa nitamtoa, lakini mgeni huyu haondoki mikono mitupu. Pumzi yako ameiweka kwenye hiyo sponji. Basi itunze. Ipanguse kwa brashi, itie oili, irudishe. Isiguse maji kamwe."

"Maji?"

Aliyeuliza alikuwa mjane, amekuja kuchukua gari. Alisimama mlangoni, mkoba umeshuka hadi kiwikoni.

"Siku ile nilimwona mume wangu amechoka sana," akasema. "Nikasema leo nimsaidie. Nikaifua vizuri, nikaianika kwenye kamba. Niliporudi ndani..." Akatafuta pa kukaa. "Gari baki nalo, Fundi. Siwezi kumuuzia mtu."

Shangazi alimshika Sikio mkono. "Mkeo aambiwe na nani, wewe au mimi?"

"Mimi, shangazi."

"Leo."

"Leo."

Alilipeleka gari nyumbani, akaliegesha chini ya dirisha la chumba chao. Mkewe alilizunguka, mikono kiunoni.

"Kumbe umeniletea mke mwenza! Tena mwekundu, tena mdogo!"

Alicheka vizuri sana. Sikio akamtazama anavyocheka, akaona si haki kumharibia siku. Akijua, atalalaje? Nitamwambia kesho, akajiambia. Na kesho ina watoto wengi, wote wanafanana.

Kila alipotoka kazini aliketi na ile sponji magotini, akaipangusa kwa brashi mpaka mabega yakamlegea. Mkewe alimwangalia kutoka dirishani. Wakati mwingine alimkuta amesinzia hapo hapo, brashi mkononi, akamtengenezea shingo isimuume.

Mchana mmoja Sikio alirudi mapema, akajilaza kitandani na viatu vyake. Katikati ya usingizi alisikia bomba likifunguliwa chini ya dirisha, ndoo ikijaa, na mkewe akiimba kwa sauti ya chini. Akasikia boksi la bati la chujio likifunguliwa.

"Lala tu, mume wangu!" mkewe akaita, furaha imemjaa sautini. "Leo nimekupunguzia kazi!"

Sikio akafungua mdomo amwite. Kupitia dirishani, polepole, ikaingia harufu ya sabuni.