Maziwa Yaliyoanikwa Juani

Ndugu zangu, nyumba njema si mlango. Hii ninayowaeleza ilikuwa na mlango mzuri wa chuma, kazi ya mikono ya kaka mkubwa, mchomeleaji, na humo waliishi ndugu wawili, wake zao na mama yao mzazi. Alasiri ungewakuta wale wake barazani. Mkubwa, msusi, akisuka kichwa cha mteja. Mdogo, mshonaji, akikanyaga cherehani huku tumbo lake la miezi minane likigusa meza. Waliitana dada na mdogo wangu, na walichekeshana mpaka wateja wakalalamika kwamba nywele zao zinasukwa upogo.

Siku moja mshonaji akarudi kutoka kliniki na habari. Alikuwa na kisukari cha mimba, na mkunga alimweleza kwamba mtoto wa mama mwenye hali hiyo huweza kuzaliwa sukari yake ikashuka ghafla. Kwa hiyo wiki za mwisho akamue kwa mkono matone ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito na ya njano, ayatie katika vibomba vidogo vya plastiki, kama vya sindano, na kuyagandisha. Mtoto akiyahitaji, yapo.

Mwanzoni hakupata kitu. Baadaye likatoka tone dogo kama kichwa cha pini, akacheka peke yake chumbani. Mfuko wa vibomba ukaanza kujaa ndani ya friza ya jikoni, ile waliyoitumia wote.

Mama mkwe ndiye aliyeharibu mambo, na wala hakujua. Kila mgeni akiingia, alimfungulia friza. "Tazama," alisema, "titi la huyu linajua kazi kabla halijaitwa. Mwenzake alizaa, tukasubiri, tukanunua kopo."

Msusi alikuwa papo hapo akikatakata vitunguu. Binti yake alikuwa amelelewa kwa maziwa ya kopo. Alipojifungua, chuchu zilimchanika, mtoto akalia, watu wakamsimamia kitandani wakisema huyu ni mkavu. Neno hilo alikuwa amelimeza, lakini halikuwahi kushuka. Sasa lilipanda tena kila friza ilipofunguliwa. Akaanza kumchukia mdogo wake kwa vitu visivyo na kosa: mwendo wake, kicheko chake, hata namna alivyofunga kanga juu ya kifua. Akawaambia wateja kwamba kumkamulia mtoto ambaye hajazaliwa ni kujitafutia mkosi. Nani hubishana na aliyeshika nywele zake?

Wivu, jamani, hauanzi na kisu. Huanza na kununa.

Mchana mmoja, wenzake wote wakiwa nje, msusi aliutoa ule mfuko akauweka dirishani, juani. Alikaa kwenye kigoda akiutazama mpaka barafu yote ikawa maji, na maji yakapata moto. Kisha akaurudisha mahali pake, ukaganda upya. Kwa macho usingejua lolote. Usiku ule, nasikia, alilala vizuri.

Uchungu ulimjia mshonaji mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wakaondoka mbio, mfuko ukasahauliwa. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na kama mkunga alivyohofia, sukari ya mtoto ikashuka. Alilegea, akatetemeka, hakuweza kunyonya. Mkunga akaagiza maziwa yaletwe haraka.

Mume wa mshonaji aliingia jikoni jasho likimtiririka, akamkuta msusi akiosha vyombo. Akafungua friza, akaanza kupakia mfuko kwenye kapu la barafu huku akieleza jinsi mtoto anavyofanana na mchomeleaji, kaka yake.

Msusi angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Shemeji," alisema, "usiyapeleke."

"Kwa nini?"

"Niliyaanika juani yakayeyuka. Nikayarudisha. Yameharibika."

Yule kijana alimtazama. "Makusudi?"

Akaitikia kwa kichwa. Shemeji yake akaliacha kapu sakafuni, akarudi hospitali mikono mitupu.

Mtoto akatundikiwa dripu ya sukari, sindano ikiwa imechomwa kwenye kijikono kisichozidi kijiko cha chai. Mama yake alipoelezwa, hakulia. Aliomba ainuliwe kwa mto, akaanza kukamua, kidonda kibichi tumboni. Bahati ni kwamba mikono ilikwisha kujifunza kazi, na hiyo hakuna awezaye kuianika juani. Matone yakatoka, mkunga akayakinga kwa kijiko na kumdondoshea mtoto mdomoni. Siku zilizofuata zilikuwa za wasiwasi, lakini mtoto alipona.

Msusi alifika wodini akiwa ameinamisha kichwa. Alisema yote mbele ya mama mkwe na mkunga, tangu kopo hadi dirisha. Mkunga alimuuliza kama aliwahi kuonyeshwa namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Hakuwahi.

"Basi hukuwa mkavu," mkunga akamwambia. "Hukufundishwa tu."

Hapo ndipo msusi alipolia, na mama mkwe akatazama ukuta.

Mshonaji alingoja kilio kiishe. "Dada, ungeniambia neno lile linakuuma, tungelia wote. Nimekusamehe. Lakini mwanangu siwezi kumlaza nyumba moja na wewe."

Hakurudi pale. Yeye na mumewe walipanga chumba mtaa mwingine, na mpaka leo, msusi akimtembelea, humwona mtoto akiwa mikononi mwa mama yake tu.

FUNZO

Mama mjamzito akishauriwa na mkunga kukamua kabla ya kujifungua, asaidiwe, asichekwe. Na asiyeshauriwa asijianzie mwenyewe, aulize kwanza, maana si kila mimba inaruhusu hilo. Aliyeshindwa kunyonyesha apewe msaada, asipewe jina. Nanyi wakwe zangu, msimsifu mke mmoja kwa kumchapa mwenzake. Na wewe unayetafunwa na kijicho, sema mapema, ukiwa bado na uchungu wako tu. Ukishatenda ubaya, utasamehewa, lakini mtoto hutapewa umbebe.